Kidonda cha Mama Mghoi

Mama mmoja alikuwa na nyumba ya mawe na shamba la matuta, kule milimani ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Aliitwa Mghoi. Nyumba ilikuwa yake na shamba lilikuwa lake. Alilima pamoja na mumewe miaka thelathini, na mumewe alipofariki akaendelea kulima peke yake. Binti yake naye alifariki, akamwachia wajukuu watatu. Mkubwa wao alikuwa msichana, Saru, na wawili wadogo walikuwa wavulana. Mama Mghoi akawalea bila kulalamika. Kisha akapata ugonjwa wa sukari, na siku moja alipokuwa akipanda matuta jiwe likamkata mguu wa kushoto, karibu na kisigino. Kidonda kikakataa kupona. Mwaka haukwisha, akawa mtu wa kitandani.

Alikuwa na mtoto wa kiume, Mwadime, mtu mzima mwenye mke na watoto. Akamwita mbele ya majirani, akampa funguo. Hakumpa nyumba, alimpa funguo. Akamwambia, "Simamia nyumba hii kwa niaba yangu, mwanangu. Mimi siwezi kusimama tena." Mwadime akazipokea kwa mikono miwili huku analia, na watu walioyaona machozi yake wakasema mama huyu ana bahati.

Na mwanzoni alifanya vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Alimwajiri mwanamke aitwaye Wakesho, aliyewahi kuuguza wagonjwa miaka mingi kule chini bondeni, aje kumwosha mama, kumgeuza kitandani na kumsafisha kidonda kila asubuhi. Akamwajiri na mwalimu, Mwakio, awafundishe wale wajukuu pamoja na watoto wa nyumba za jirani, maana shule ilikuwa ng'ambo ya bonde na mvua ilikuwa imechukua daraja. Ghala la mahindi likafanywa darasa. Watoto wakakaa juu ya magunia, wakasoma.

Wakesho alikuwa na mikono mizuri. Alichemsha maji, akatia chumvi, akasubiri yapoe, akaosha kile kidonda polepole kama mtu anayeosha uso wa mtoto mchanga, akafunga bandeji safi. Kila asubuhi, bila kukosa. Mwezi baada ya mwezi kidonda kikawa kinafunga kutoka pembeni. Nyama mpya, nyekundu, ikaonekana. Mama Mghoi akaanza kuongea habari za kupanda viazi. Na kule ghalani Saru akawa anasoma vizuri kiasi kwamba Mwakio alimwambia bibi yake, huyu mtoto atafanya mtihani wa shule ya bweni, na atapita.

Lakini Wakesho na Mwakio walikuwa wanalala katika kibanda cha nyasi nyuma ya zizi, na kibanda kilikuwa kinavuja. Wakesho alimnyanyua mama mzito peke yake, asubuhi na jioni, mpaka mgongo wake ukawa haunyooki. Mwakio alifundisha watoto thelathini kwa ubao mmoja uliopasuka katikati, na neno lililoandikwa kwenye ule ufa halikusomeka. Wakaenda kwa Mwadime, wakamweleza.

Mwadime hakuwa mtu wa kukataa. Alikuwa mtu wa kukubali. Alichukua karatasi, akaandika kwa mkono wake kwamba atawajengea nyumba ya mabati, ataleta mwanamke mwingine wa kusaidiana na Wakesho kumnyanyua mama, atanunua ubao mpya, na kila mavuno watapata fungu lao la mahindi. Akatia sahihi. Nao wakatia sahihi. Jirani yao, Mkawasi, akaitwa kuwa shahidi. Wakanywa chai pamoja, na siku ile Wakesho alirudi chumbani kwa mama akiimba.

Mavuno yakaja. Mwadime akasema mavuno yale yalikuwa madogo, wasubiri yajayo. Wakasubiri. Mavuno ya pili yakaja, na lori likapanda mlima likiwa na mabati. Mwakio alikuwa akifundisha alipolisikia. Alitoka nje, akasimama mlangoni mwa ghala chaki ikiwa mkononi, akatabasamu mbele ya watoto. Mabati yale yakaezekwa juu ya zizi la ng'ombe, na yaliyobaki yakaezekwa juu ya baraza ambako Mwadime hupokea wageni wake. Walipomuuliza, akawaambia kwamba mabati hayo yalikuwa yamepangwa kabla ya ile karatasi.

Watoto wake mwenyewe walikuwa wanasoma mjini. Yeye alipoumwa na tumbo alishuka na gari kwenda kwa daktari wa mjini, akarudi jioni ileile akiwa mzima. Simlaumu mtu kwa kuwapenda watoto wake wala kwa kutafuta dawa. Nasema tu kwamba hakuwahi kukaa juu ya gunia katika lile ghala, wala hakuwahi kumnyanyua mama yake.

Basi siku ya Jumatatu Wakesho alimwosha mama kama kawaida. Alifunga bandeji, akakunja kitambaa cha kuoshea. Alitaka kumwambia jambo. Alifungua mdomo, akamtazama mama, kisha akainua beseni, akatoka. Mwakio naye aliwaruhusu watoto kabla ya saa sita, akafunga ghala. Wakabeba benchi, wakaliweka nje ya lango, wakabandika nakala ya ile karatasi kwenye nguzo ili kila mpita njia aisome. Wakaketi. Mwadime alipofika na gari, Mwakio akasimama, akasema kwa heshima, "Bwana Mwadime, hatuendi popote. Tuko hapa. Timiza ulichoandika, tutaingia saa hiyohiyo."

Mwadime akasema, "Rudini kazini kwanza, halafu tuzungumze."

Mwakio akasema, "Tulizungumza tukiwa kazini miaka miwili."

Hapo pande zote mbili zikasimama, na hakuna iliyosogea.

Wiki ya kwanza watu walikuwa upande wa wale wa benchi. Waliopita walisoma karatasi, wakatikisa vichwa, wengine wakawaletea uji. Walisema Mwadime ametia aibu. Wakesho alisikia maneno yale na moyo wake ukatulia kidogo, akafikiri kwamba siku tatu zitatosha. Ndani ya nyumba Mama Mghoi alimwita asubuhi ya Jumanne, akamwita na Jumatano. Alhamisi Saru akaingia na beseni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa amemwona Wakesho akifanya ile kazi mara nyingi, kwa hiyo alijua kuchemsha maji. Hakujua kiasi cha chumvi. Hakujua kwamba ile bandeji iliyotumika haifai kurudishwa.

Wiki ya pili Mwadime akatoa onyo. Alisimama langoni, akatangaza kwamba asiyerudi kufikia Ijumaa ajihesabu amefukuzwa, kwa maana barabarani wamejaa watu wanaotafuta kazi. Ijumaa ikapita. Akamleta binti mmoja kutoka bondeni ashike nafasi ya Wakesho. Binti yule aliifungua bandeji, akaona kile kidonda, akakifunga tena haraka, na siku ya pili hakuonekana. Kwa upande wa darasa hakumleta mtu yeyote. Alisema watoto hawafi kwa kukosa kusoma wiki mbili.

Akaenda kwa wazee wa mtaa, akawashtaki. Wazee wakakaa, wakasikiliza siku nzima, wakatoa uamuzi. Walisema si sawa kumwacha mgonjwa, kwa hiyo wale wawili warudi kazini. Walisema pia si sawa mtu kuandika ahadi asiitimize, kwa hiyo Mwadime atimize alichoandika. Uamuzi ulikuwa mmoja, wenye sehemu mbili. Mwadime akatoka pale akiitangaza sehemu ya kwanza. Wale wa benchi wakatoka wakiitangaza sehemu ya pili. Jioni hiyo hapakuwa na lililobadilika.

Wiki ya tatu watu wakaanza kugeuka. Watoto wao walikuwa wanazurura kwenye mitaro, wanarushiana mawe, wanarudi nyumbani na vidonda na matusi mapya. Mama mmoja alimwambia Mwakio, "Mwalimu, ulikuwa na haki. Lakini haki yako sasa inamharibu mwanangu." Mtoto wa Wakesho mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakizurura. Alisoma katika ghala lilelile. Watu husahau jambo hili wanapokasirika. Waliokaa kwenye lile benchi hawakuwa na watoto wengine waliofichwa mahali pengine.

Mkawasi, yule jirani aliyekuwa shahidi, alikuwa mwanamke mwenye huruma. Alikuwa akiingia kumpa mama uji na kumgeuza. Aliingia siku tano mfululizo. Lakini naye alikuwa na mume mgonjwa na kabeji zilizokuwa zinaoza shambani, na mgongo wake haukuwa wa chuma. Siku ya sita alitoka akiwa na harufu ya kile kidonda kwenye nguo zake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

"Wakesho, unamsikia anavyoita?"

"Namsikia, dada."

"Na bado umekaa?"

Wakesho aliangalia mikono yake. "Miaka miwili niliingia kila asubuhi," akasema. "Niliingia nikiwa na homa. Niliingia mgongo ukiwa umekufa ganzi. Kuna aliyesikia? Nikiingia leo, dada Mkawasi, karatasi ile itakuwa imekufa, na atakayekuja baada yangu atalala kwenye kibanda kilekile na atamnyanyua peke yake vilevile."

Mkawasi akageuka kumtafuta Mwadime. Alimkuta kwenye baraza. Akamwambia, "Mama yako ananuka, Mwadime." Naye akamjibu kwa upole kabisa kwamba anaumia kuliko mtu yeyote, kwamba mlango wake uko wazi, kwamba wanaomtesa mama wanajulikana, wako pale langoni. Mkawasi akarudi nyumbani kwake. Tangu siku hiyo hakuingia tena. Alisema amechoka, na alikuwa amechoka kweli.

Wiki ya tano watu walikuwa wamekasirikia kila upande. Sokoni walimtukana Mwadime, na njiani walipopita langoni waliwatukana wale wa benchi. Wengine walisema wote ni wezi wa huruma. Kila mmoja alikuwa na maneno makali na kila mmoja aliyasema vizuri. Lakini wiki ya saba maneno yakaisha. Watu walipita pale langoni wakiongea habari za mvua. Walilizoea lile benchi jinsi mtu anavyozoea gogo lililoangukia njia. Unalizunguka, unaendelea na safari. Katika haya yote hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Katika wiki hiyo, siku moja saa saba mchana, Mama Mghoi aliita kwa sauti ambayo Wakesho hakuwahi kuisikia. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtoto. Wakesho akasimama. Alivuka lango, akapita ua, akafika hatua chache kutoka mlango wa jikoni, mahali ambapo beseni lake lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mwakio akamfuata mbio, akamshika kiwiko.

"Ukiingia, dada, tumekwisha sote," akamwambia. "Wiki saba zitakuwa bure. Na yule mama atakuwa ameteseka bure."

Wakesho alisimama pale kwa muda mrefu. Kutoka dirishani alisikia Saru akisema, "Bibi, vumilia, karibu namaliza." Kisha akageuka, akarudi, akaketi. Baadaye katika maisha yake aliweza kusahau baridi ya lile benchi, na matusi, na njaa. Zile hatua chache hakuzisahau.

Mwakio naye alikuwa na siku yake. Mtihani wa shule ya bweni ulikuja Jumatano ya wiki ya nane, ng'ambo ya bonde, saa mbili asubuhi. Yeye ndiye aliyekuwa amewaandikisha watoto. Yeye ndiye aliyejua njia ya kupita mtoni mahali pasipo na daraja. Asubuhi hiyo alikaa kwenye benchi akiwa ameinamisha uso, na saa mbili ilipofika akavua kofia, kama mtu aliye kwenye mazishi. Saru hakutoka nje kumwuliza. Alikuwa amevaa sare yake tangu alfajiri, kisha alipoona ukungu unaondoka na hakuna aliyemwita, akaivua, akaikunja, akaenda kuchemsha maji.

Wiki ya tisa Mwadime akakubali kukaa mezani. Sijui kilichomsukuma. Wengine wanasema ni aibu, maana wageni wake walianza kukataa kuketi kwenye baraza kwa sababu ya harufu. Wakakutana sebuleni, Mwadime na mke wake upande mmoja, Wakesho na Mwakio upande wa pili, na mzee mmoja wa mtaa katikati. Sebule ile ilipakana na chumba cha mama. Ukuta ulikuwa mmoja. Walianza saa tatu asubuhi. Walibishana juu ya neno moja, kama ni "atajenga" au "atajitahidi kujenga". Walibishana kama fungu la mahindi lihesabiwe tangu mavuno ya kwanza au ya pili. Walibishana kama siku za benchi ni siku za kazi. Chai ililetwa mara tatu. Saa tisa na nusu wakakubaliana, na makubaliano yenyewe yalikuwa yaleyale ya karatasi ya kwanza, isipokuwa fungu la mavuno ya kwanza lilisamehewa. Wakapeana mikono. Mwadime akasema, "Wacha tusahau yaliyopita, sisi ni watu wa nyumba moja." Mzee wa mtaa akaomba dua. Katika saa zote hizo hakuna hata mmoja wao aliyefungua mlango wa chumba cha pili.

Mtu wa kwanza kuufungua alikuwa Wakesho. Alichemsha maji, akatia chumvi, akachukua bandeji mpya, akaingia. Saru alikuwa amelala sakafuni, kichwa kimeegemea kitanda, mchana kweupe. Chumba kilikuwa na harufu ambayo mwanamke aliyeuguza watu miaka mingi anaijua. Wakesho alipiga magoti, akafungua kitambaa kilichofungwa na mikono ya mtoto, na alipoona akaacha mikono yake hewani. Kisigino kilikuwa cheusi. Weusi ulikuwa umepanda mpaka katikati ya muundi.

Mama Mghoi alikuwa macho. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Akauliza, "Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama."

"Mlikuwa mnataka nini?"

Wakesho akamweleza. Alimwambia juu ya kibanda kinachovuja, na mgongo wake, na ubao uliopasuka, na mahindi, na ile karatasi. Alieleza yote akiwa amepiga magoti, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikiyataja akaona kwamba yalikuwa mambo machache, na kwamba yalikuwa ya haki, na kwamba alikuwa akiyataja kwa mara ya kwanza mbele ya mwenye nyumba.

Mama Mghoi akasema, "Ningewapa siku ile ya kwanza. Lakini hakuna aliyeingia kuniuliza."

Wakamteremsha mlima kwa gari la Mwadime siku ileile. Daktari alitazama mguu dakika mbili, akaleta fomu. Mwadime akaitia sahihi, akalia kama alivyolia siku aliyopewa funguo. Machozi yalikuwa ya kweli mara zote mbili, hilo naliamini. Mguu ukakatwa chini ya goti. Mama Mghoi hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, akawekwa kwenye kiti karibu na dirisha, na kuanzia hapo hakuongea tena juu ya viazi.

Nyumba ya mabati ikajengwa. Ilichukua siku nne. Miaka miwili ya kusubiri na wiki tisa za benchi, na kazi yenyewe ilikuwa ya siku nne. Mwanamke wa pili akaletwa, jina lake Mkambe, mwenye nguvu na mcheshi, na yeye na Wakesho wakawa wanamnyanyua mama pamoja. Kazi ikawa nyepesi. Tena mama alikuwa mwepesi zaidi sasa. Mwanzoni Mkambe alishangaa kwa nini mwenzake hafurahi. Mvua ya kwanza iliponyesha alasiri moja, ikapiga juu ya mabati kwa kishindo, na chini yake pakabaki pakavu, Mkambe alicheka kwa raha. Wakesho alikaa kwenye kitanda chake kipya akiyasikiliza mabati. Alikuwa amepata kile alichokipigania, na alistahili kukipata, na hakujua aweke wapi macho yake.

Ghala likafunguliwa. Ubao mpya ukatundikwa, mweusi, bila ufa. Watoto wengi walirudi, si wote. Wavulana wawili wakubwa walikuwa wameshapata vibarua vya kupasua mawe na wakaona kusoma ni mambo ya watoto. Saru alirudi. Mwakio alimweka mbele, akamtafutia vitabu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtihani utakuja tena mwakani, na kwamba atampeleka yeye mwenyewe, hata kama ni kwa kumbeba mgongoni. Saru akasema, "Asante, mwalimu." Hakumnunia. Lakini siku zilizofuata Mwakio aliona kwamba mtoto yule anayetazama ubao alikuwa ameelekeza sikio mlangoni. Katikati ya hesabu alikuwa akiinua kichwa ghafla, kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka nyumba kubwa. Hakuna aliyekuwa anamwita. Alikuwa mwanafunzi wa pili kwa umri katika darasa lile, na tayari alikuwa na uso wa mtu aliyelea familia.

Siku moja Mwakio alimfuata Wakesho pale anapoanika bandeji. Akamwuliza, "Dada, tulikosea?" Wakesho akaendelea kuanika. Alianika zote mpaka ya mwisho. Kisha akasema, "Tulikuwa na haki, mwalimu. Nimelifikiria sana. Kila ninapolifikiria tulikuwa na haki." Akachukua beseni lake tupu. "Na mguu haupo."

Wapendwa, nimewasimulia habari hii kwa sababu leo asubuhi nimepita hospitali yetu, nikakuta lango limefungwa kwa mnyororo kwa ajili ya mgomo, na mama mmoja ameketi chini kwenye vumbi na mtoto mapajani. Nimepita na shule, nikakuta mbuzi darasani. Na hapa ndani ya nyumba ya ibada naona sare za wauguzi, naona walimu walionifundishia watoto wangu, naona wakubwa wa ofisi waliokuja na madereva wao, naona wazazi. Wote mmeketi mbali mbali leo. Nawaona, na sina nguvu ya kuwagombeza. Nimechoka kama ninyi.

Najua mtakachofanya mkitoka. Mtasimama pale nje mbishane nani alimkata Mama Mghoi mguu. Wengine mtasema ni Mwadime, maana yeye aliandika akaacha. Mtakuwa mmesema kweli. Wengine mtasema ni Wakesho, maana yeye alisikia akakaa. Hamtakuwa mmesema uongo. Wako watakaomtaja Mwakio aliyemshika kiwiko, na Mkawasi aliyechoka siku ya sita, na wale waliokuwa wakipita langoni wakiongea habari za mvua. Mtabishana vizuri, kwa maana tumekuwa hodari sana wa jambo hilo. Na wakati mnabishana, mguu mwingine utakuwa unaanza kuwa mweusi.

Kwa hiyo siwaulizi nani mwenye kosa. Nawauliza neno moja, na sitaki mnijibu hapa: kesho saa moja asubuhi, ni nani kati yetu atakayeingia chumbani kwa mgonjwa, aketi kando ya kitanda, na kumwuliza yeye?